Kauri, si Udongo wa Kuokwa

Nimerudishiwa mswada wa kitabu cha ufundi wa injini. Kila palipoandikwa kauri pamekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake pakatiwa "udongo wa kuokwa". Kamati iliyokata haikutoa sababu. Mimi zangu nazitoa.

Waliobuni tafsiri hiyo ya neno la Kiingereza ceramic wameshikilia Kigiriki. Keramos ni udongo wa mfinyanzi, na mtaa wa wafinyanzi wa Athene ukaitwa Kerameikos. Sawa. Lakini rota ya tabo ambayo Nissan waliifunga kwenye gari la Fairlady Z mwaka 1985 haikuwa na chembe ya udongo. Ilikuwa nitridi ya silikoni: unga ulioshindiliwa, ukachomwa hadi ukashikana. Uzito wake haufiki hata nusu ya ule wa aloi ya nikeli, ndiyo maana tabo huwahi kuchanganya dereva akanyagapo mafuta. Mwingine anashabikia "ufinyanzi wa viwandani". Huyo ametaja kazi, kitu chenyewe amekiacha. Na wanaotaka seramiki wanakwenda kukopa kilichomo ghalani.

Kauri limetoka Uhindi, likiwa jina la kombe lile dogo la baharini. Kisha likahamia kwenye vyombo vya Kichina, kwa ugumu na mng'ao wake. Bakuli za namna hiyo zilijengewa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui. Waitaliano nao, pasipo kutuuliza, walipita njia hiyohiyo: porcellana ilikuwa kombe kabla haijawa sahani, na Marco Polo alivitaja vyote viwili kwa neno hilo. Kwa hiyo kauri halitaji malighafi, linataja tabia: gumu, nyororo, lenye kung'aa, na lenye kuvunjika.

Hiyo tabia ya mwisho ndiyo mhandisi anayoihofia. Kauri huvumilia joto linalolainisha metali nyingi, na ukiigandamiza haitishiki. Ukiivuta, ufa mdogo usioonekana kwa macho huikata pande mbili. Chuma hupinda kwanza, kikakuonya. Kauri haionyi. Ndoto ya miaka ya 1980 ya injini ya dizeli isiyohitaji rejeta ilikwama kwa sehemu hapo.

Wapo wanaodai msomaji atadhani injini ina makombe. Hoja hiyo siiheshimu. Afunguaye plagi anaishika kauri mkononi: shingo ile nyeupe ya alumina, yenye mpako wa kung'aa, inayozuia umeme usirukie bodi. Ikidondoka sakafuni ikapata ufa, haiungwi. Inatupwa, kwa sababu cheche itapenya ufani na silinda itakosa moto.

Matumizi ni mepesi: rota ya kauri, mpako wa kauri, kauri za kihandisi kwa kundi zima, na kauri ya nyuzi kwa ile iliyotiwa nyuzi za kabidi ya silikoni, ambayo sasa imo kwenye turbini za injini za ndege za LEAP.