Ziwa, matete na hesabu za wanafunzi

Leo tunaacha kidogo habari za njia na masoko. Kuna swali linalorudi kila siku: maji ya Tanganyika yakishuka, mtu ajenge tena pale pale?

Jibu linaanzia mbali. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron aliona mto Lukuga, mlango pekee wa ziwa, kisha akaendelea hadi Nyangwe, huku kwetu Maniema. Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876 alikuta mlango umezibwa na tope na matete, maji hayatoki. Ziwa lilikuwa linajaa. Ujiji, miti aliyoiona sokoni mwaka 1871 sasa ilisimama ndani ya maji. Kisha, karibu na mwaka 1878, kizibo kikapasuka. Hore, mmisionari aliyekaa Ujiji, alikwenda Lukuga mwaka 1879 akaona mto unakimbia kwa nguvu. Miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10.

Mita 10, ndugu zangu! Ni nyumba tatu zilizopandana. Ufuo mpana ulitokea pahali palipokuwa maji. Watu wakalima hapo, wakajenga, na reli ya kutoka Kabalo ikafika Kalemie mwaka 1915. Baada ya mvua kubwa za 1961 hadi 1964 ziwa lilipanda tena, likashuka, watu wakasahau. Tangu 2020 limerudi, na mwaka 2024 likafukuza familia nyingi Kalemie, Uvira na hata upande wa Bujumbura. Maji hayo hayo hushuka Lukuga, yakaingia Lualaba, yakapita karibu na Kasongo kwenda Kindu. Kwa hiyo msiseme ni habari ya wengine.

Tuje kwa wanafunzi. Kuanzia 1998, Kigoma, mpango ulioitwa Nyanza Project uliwakusanya wanafunzi wa Marekani na wa nchi za ziwa kwa majuma kadhaa ya utafiti. Walichimba tope la chini ya ziwa, wakahesabu konokono na samaki, wakasoma hali ya hewa ya zamani. Ilikuwa shule nzuri: kijana alirudi nyumbani amepima kitu kwa mkono wake.

Staji ya leo inaweza kuongeza jambo lingine, kulinda ufuo kwa mimea. Mwanafunzi anahesabu mabua ya matete katika mita moja ya mraba, anapima unene wake, kina cha maji, na upana wa kichaka kutoka ziwani hadi nchi kavu. Anaongeza upepo na urefu wa mawimbi. Kompyuta inafanya hesabu: kila bua linapunguza nguvu ya wimbi kidogo, na kichaka kipana kinalichosha kabisa kabla halijagusa ukuta wa nyumba. Hesabu hiyo ndiyo wanayoiita modeli. Faida yake ni kwamba unaweza kufyeka matete ndani ya kompyuta, ukaona kitakachotokea, bila kubomoa nyumba ya mtu. Wavuvi wanajua jambo hili bila kompyuta: pahali matete yamekatwa ili kutia mitumbwi, ufuo unaliwa.

Lakini hapa ninasimama, maana naona watu wanaahidiwa mengi. Matete yanavunja wimbi. Hayazuii ziwa kupanda. Maji yakiongezeka mita moja, yanapita katikati ya mabua polepole na kuingia sebuleni. Na mwanafunzi akitumia vipimo vya miaka 20 tu, modeli yake itaita nchi kavu pahali ambapo babu wa 1878 alivua samaki. Hapo hesabu itakuwa sahihi na nyumba itazama.

Kwa hiyo, ninyi mlio Kalemie na Baraka, kijana wa staji akija na kipimo chake, msimfukuze. Mtafutieni kwanza mzee aliyeona maji ya 1964, ambaye bado anaweza kutembea. Waende pamoja hadi mti au jiwe ambapo maji yalifika, mwanafunzi aandike hapo kabla hajafungua kompyuta.