Kabla ya Kusuguliwa: Habari ya Ngozi Kutoka Jinja na Mbale

Sisi wajitolea tulitoka kambini kuja Jinja kwa mafunzo, halafu Mbale. Tukiwa Jinja, dada mmoja wa kikundi chetu alienda saluni kufanyiwa skrabu ya uso, maana harusi ya rafiki yake ilikuwa karibu. Kesho yake uso unawaka, mashavu yanatoa maji. Kumbe alikuwa anapaka mkorogo kwa miezi mingi, na saluni hakuna aliyemuuliza. Ndiyo tukaanza kutafuta: zamani mtu alitayarishwa namna gani?

Kusugua ngozi hakukuanza saluni. Watu walikuwa na dodoki, na jiwe la visigino. Kwa Waganda, mtoto mchanga anaogeshwa kyogero, maji ya mitishamba, na msichana anayeolewa anatayarishwa na ssenga, yaani shangazi yake. Huko pwani bibi arusi alisuguliwa singo, mchanganyiko wa liwa, maua na viungo, na hiyo kazi ilichukua siku kadhaa. Siyo nusu saa kama leo.

Jinja na Mbale walikaa pia Wahindi wengi, na kati yao Wagujarati wana pithi: manjano na unga wa dengu, wanapakwa bibi na bwana arusi nyumbani, na watu wa familia. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Nyumba zao bado tunaziona Main Street hapa Jinja. Sisi wakimbizi tunaelewa vizuri: nyumba inabaki, mambo ya harusi unaenda nayo.

Mwaka huohuo wa 1972, madaktari wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa 60 wa figo. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi, zenye zebaki. Yaani dawa ya uso ilifika mpaka kwenye figo! Afrika Kusini ilikataza haidrokwinoni kwenye vipodozi mwaka 1990, na mwaka 2013 dunia ikakubaliana Mkataba wa Minamata kuzuia zebaki. Lakini mikebe sokoni bado tunaiona, mingine haina hata orodha ya vilivyomo.

Tofauti tunayoiona sisi ni hii. Shangazi aliijua ngozi ya msichana tangu utoto. Mtu wa saluni haijui, kwa hiyo ni wewe utamwambia: unapaka nini, una kidonda, una chunusi. Krimu zenye steroidi zinafanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi nyembamba ukiisugua inachubuka. Kama umezizoea, usiache ghafla peke yako, pitia kwanza kituo cha afya. Siku chache kabla, usinyoe uso wala usikae juani sana. Jaribu kidogo nyuma ya sikio, ngoja mpaka kesho. Na hata sukari ya Kakira na mafuta, ile skrabu ya nyumbani, inaweza kukwaruza uso ukitumia nguvu.

Dada yetu alipelekwa kliniki. Sasa anapaka vaselini tu, na jua likiwa kali anavaa kofia. Kwenye harusi alifika, amejifunika kitenge mpaka puani, na picha zote alikaa nyuma.