Kadi ya Mpiga Kura Hutolewa Bila Malipo

Kadi ya mpiga kura nchini Tanzania hutolewa bure na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Mwananchi halipii fomu, picha wala uchapaji wa kadi. Anayestahili ni raia aliyetimiza umri wa miaka 18, au atakayeutimiza ifikapo siku ya uchaguzi.

Uandikishaji hufanyika kwa mfumo wa kielektroniki wa alama za vidole, picha na saini, ulioanza kutumika kwa Uchaguzi Mkuu wa 2015. Mwombaji hufika mwenyewe kituoni na hukabidhiwa kadi papo hapo. Hakuna mtu anayeweza kumwandikishia mwingine.

Gharama iliyobaki ni muda na nauli, na hiyo si ndogo kwa mkulima aishiye mbali na kituo. Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura hufanyika mara mbili tu kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Ule uliotangulia uchaguzi wa 2025 ulizinduliwa Kigoma tarehe 20 Julai 2024, na kila mkoa ulitengewa siku saba. Aliyepitwa na siku hizo hulazimika kungoja awamu inayofuata.

Aliyepoteza kadi, au ambaye kadi yake imeharibika, hupewa nyingine bila malipo katika kipindi hicho hicho. Aliyehama hurekebishiwa taarifa zake katika kituo cha makazi mapya. Mwenye kadi nzima ya mwaka 2015 au 2020, ambaye taarifa zake hazijabadilika, hahitaji kadi mpya, na kujiandikisha mara ya pili ni kosa la jinai.

Lipo jambo ambalo wengi hulichanganya: kadi ya mpiga kura si Kitambulisho cha Taifa kinachotolewa na NIDA. Kuwa na kitambulisho hicho hakumwingizi mtu katika Daftari. Hata hivyo, katika Uchaguzi Mkuu wa 2020 Tume iliwaruhusu waliopoteza kadi kupiga kura kwa Kitambulisho cha Taifa, hati ya kusafiria au leseni ya udereva, mradi wawe wameandikishwa katika kituo husika na majina yafanane na yaliyomo katika Daftari. Kwa sababu hiyo, Daftari la Awali linapobandikwa vituoni, inafaa mwananchi asome jina lake herufi kwa herufi na kuomba marekebisho mapema, kabla muda wa uwekaji wazi haujakwisha.