Kabla Uvishe Subaru Yako Inchi 18, Soma Hii Historia

Wasee wa Subaru, leo mtanichukia kidogo, lakini lazima mtu aseme.

Swali ninaloulizwa sana kuhusu Impreza WRX ni moja: "Nivishe 18 ama 19?" Hakuna mtu huuliza, "Kwa barabara gani?" Na unajua kabisa hiyo gari ni ya kila siku. Asubuhi iko kwa foleni ya Thika Road, jioni inaingia mtaani pale lami iliishia, na mvua ikinyesha huoni shimo liko wapi mpaka uwe ndani yake.

Msimamo wangu ni huu: kila rimu kali unayoiona kwenye intaneti ilitengenezwa ijibu barabara fulani. Sisi tumekopi jibu, swali tukaliacha huko huko. Na ukiangalia historia, utaona barabara yetu ilishajibiwa kitambo, tena na watu wa mbio.

Tuanze mwanzo kabisa, Belfast. John Boyd Dunlop hakuwa mtu wa magari. Alikuwa daktari wa mifugo. Mtoto wake alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yenye tairi ngumu, na barabara za mawe zilikuwa zinamtingisha vibaya. Mzee akachukua mpira, akaujaza hewa, akaufunga kwenye magurudumu. Mwaka 1888 akaandikisha haki ya uvumbuzi huo. Baadaye ikagunduliwa kwamba Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa ameandikisha wazo hilo hilo tangu 1845, na haki ya Dunlop ikafutwa. Tofauti ni kwamba wakati wa Thomson soko halikuwa tayari. Wakati wa Dunlop, dunia ilikuwa imeingiwa na wazimu wa baiskeli.

Shika hapo. Tairi ya hewa ilizaliwa kwa sababu barabara ilikuwa mbaya. Hewa iliyo kati ya rimu na lami ndiyo springi ya kwanza ya gari yako, kabla ya shoki, kabla ya bushi, kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa piga hesabu na mimi. Chukua 205/55R16, saizi ambayo WRX ya 2002 iliuzwa nayo Marekani. 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 55 ni urefu wa ubavu wake, yaani asilimia 55 ya huo upana. R ni radiali, muundo ambao Michelin waliuandikisha 1946 na leo uko karibu kila gari. 16 ni inchi za rimu. Kwa hivyo ubavu wa mpira ni kama milimita 113.

Ukivisha 225/40R18, ubavu unashuka hadi milimita 90. Ukienda 225/35R19, unabaki na 79. Na gari haijakuwa ndefu kwa maana, kwa sababu kipenyo chote kimetoka 632 hadi 637 kwa ile 18. Ulichofanya ni kutoa mpira na hewa, ukaweka chuma. Shimo likija, kile ambacho kingepigwa na mpira sasa kinapigwa na rimu. Halafu unalaumu fundi.

Twende Lyon, Ufaransa, 1924. Bugatti wanaleta Type 35 kwa mashindano ya Grand Prix. Gari noma kabisa, na ilikuwa na kitu ambacho watu hawakuwa wamezoea: rimu za aluminiamu zenye miguu minane, na sehemu ya breki ikiwa imeunganishwa nazo. Leo watu hulipa hela za ajabu kuimiliki. Lakini siku hiyo ya kwanza tairi zilianza kubanduka, na Bugatti hawakushinda. Aliyeshinda ni Giuseppe Campari na Alfa Romeo P2.

Hiyo ni miaka mia moja iliyopita na bado hatujaelewa. Rimu nzuri kwenye tairi mbaya ni pambo. Kinachogusa barabara ni tairi, na kila moja inagusa kipande kama cha kiganja chako. Breki zako zote, ile turbo yako yote, maisha ya wale umewabeba, vyote vimeshikiliwa na viganja vinne. Halafu mtu anamaliza doh yote kwa rimu, anaenda kutafuta tairi za mtumba zilizozeeka ndio amalizie tu.

Sasa tufike Japani, kwa ile rimu ambayo kila mtu anataka, ama anataka kopi yake: Volk Racing TE37, ya kampuni ya Rays. Ilitoka 1996, miguu sita, hakuna mapambo. Unajua hiyo 37 ilitoka wapi? Ni uzito. Ile ya inchi 15 ilikuwa na kilo 3.7. Rudia hiyo: inchi 15. Jina ambalo unalitaja ukitafuta 18 lilitokana na rimu ya 15.

Na kwa nini walihangaika na uzito hivyo? Kwa sababu rimu na tairi hazibebwi na springi, ziko chini yake. Kila shimo, kila tuta, shoki inapigana na huo uzito. Ukiwa mwepesi, gurudumu linarudi chini haraka na kushika barabara. Ndio maana TE37 hutengenezwa kwa aluminiamu iliyofuliwa, yaani iliyobanwa kwa nguvu nyingi ikawa imara bila kuwa nene. Kopi nyingi humiminwa kwenye kalibu, kwa hivyo unaweza kupata sura ile ile na uzito tofauti kabisa. Umenunua uso, ile kazi yenyewe umeiacha dukani.

Tukifika kwa rimu za dhahabu, hapa ndipo mbogi yote huamka. Miaka ya tisini, Subaru ya buluu, maandishi ya njano ya sigara za 555, rimu za dhahabu. Colin McRae akawa bingwa wa dunia 1995. Hiyo picha ndiyo iliyouza Impreza kwa vijana wa dunia nzima, na sisi tuko ndani. Lakini picha nyingi tunazozipenda, zile gari imekaa chini na rimu imejaza bodi, ni za mbio za lami za Ulaya.

McRae huyo huyo alishinda Safari Rally 1997 na Impreza. Richard Burns akashinda na Impreza 2000. Tafuta picha za Impreza ya Safari. Gari imeinuliwa juu. Mbele kuna vyuma vya kujikinga. Pembeni kuna bomba la kupumulia injini ikivuka maji. Tairi zina ubavu mnene. Ni kampuni ile ile, dereva yule yule, gari ile ile, lakini walipofika Kenya waliibadilisha. Waliheshimu barabara yetu kutuliko sisi.

Na kabla ya hapo, 1993, Mkenya mwenzetu Patrick Njiru alimaliza Safari na Subaru Vivio, kagari kadogo kenye injini ya sisi 660. McRae alikuwa na Vivio mwaka huo huo na hakumaliza. Sidhani kuna mtu alimuuliza Njiru rimu zake zinang'aa kiasi gani.

Unadhani hiyo ni mambo ya zamani? Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, kule Naivasha. Magari ya daraja la juu huvaa inchi 18 kwenye lami, na kwenye changarawe na vumbi huvaa inchi 15. Hawa ni watu wanaoweza kununua rimu yoyote duniani. Wakija kwetu, wanashuka hadi 15.

Sisemi uvae 15. WRX nyingi breki zake hazitakubali, na barabara yako si ya vumbi tupu. Ninachosema ni kwamba kwa gari ya kila siku Nairobi, 16 yenye 205/55 ama 17 yenye 225/45 ndiyo jibu la swali letu. Ile 17 bado inakuachia ubavu wa milimita 101. Kama umefunga breki za Brembo za STI, anzia 17, kwa sababu 16 nyingi hazitazifunika. Kwanza angalia kibandiko cha mlango wa dereva, uone gari yako ilitoka kiwandani na saizi gani.

Ukienda Kirinyaga Road ama kokote unaponunulia, nenda na haya kichwani.

Nati kwanza. WRX za enzi hiyo ni 5x100, yaani nati tano kwenye duara la milimita 100. Lakini STI kuanzia modeli ya 2005 ni 5x114.3. Zinafanana kwa macho na haziingiliani. Muuzaji akikuambia "itaingia tu", toka pole pole.

Tundu la katikati la hizi Subaru ni milimita 56.1. Rimu ikiwa na tundu kubwa zaidi, weka pete ya kujaza ile nafasi, la sivyo usukani utatetemeka ukishika kasi.

Angalia namba ya ET. Rimu za kiwanda huwa karibu 53 hadi 55. Namba ikishuka, rimu inatoka nje. Ikishuka sana, tairi inakula bodi ukibeba watu, na beringi zinabeba mzigo ambao hazikupangiwa.

Geuza rimu nyuma. Tafuta alama za JWL na VIA, ambazo ni za viwango na ukaguzi wa Japani. Alama pekee haitoshi, kwa hivyo tafuta pia nyufa na mahali palipochomelewa. Rimu iliyochomelewa iache hapo, hata kama bei ni tamu.

Mwisho, soma tairi. Baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikiandikwa 91V, maana yake inabeba kilo 615 na imepimwa kwa kasi ya hadi kilomita 240 kwa saa. Usishuke chini ya ile namba gari ilikuja nayo. Na ukipanga bajeti, toa pesa ya tairi nne mpya kwanza. Itakayobaki ndiyo ya rimu.

Najua 18 inapendeza kwa picha. Lakini picha hupigwa gari ikiwa imesimama. Dunlop aliangalia mtoto wake na mawe ya Belfast, ndio akajua afunge nini. Wewe angalia njia ya kwenda kwenu usiku wa mvua, ukiwa umebeba mtu unayempenda, halafu uchague.