Mpasuo wa Nyuma

Mwaka wa pili tangu nifungue kibanda changu cha kushona karibu na Barabara ya Ngong, Nairobi, mama mmoja aliniletea koti jeusi la sufu. Bitana ilikuwa imefumuka kwapani. Nikaishona. Nilipoligeuza koti nikaona mpasuo mrefu mgongoni, umepanda karibu na kiuno, nikasema moyoni: huyu fundi aliyenitangulia alikuwa mvivu. Nikauziba kwa mshono wa kujificha, nikaupiga pasi mpaka ukapotea kabisa. Wala sikumtoza kitu.

Jumamosi jioni mama akarudi na koti mkononi, limeraruka mgongo mzima. Binti yake alikuwa amelivaa kwenye maonyesho ya farasi. Alipoketi tu juu ya tandiko, mbele ya waamuzi, kazi yangu ya bure ikampasukia.

Mimi mtu wa Lamu. Kwetu mnyama wa kupanda ni punda, na siku ya mashindano kijana humrukia mgongoni bila tandiko, kaptula na fulana zinamtosha. Farasi nilikuwa nikimwona kwenye picha tu. Aibu ya siku ile ndiyo iliyonitia katika kusoma nguo za kumpandia, na hadi leo sijatoka.

Mpasuo, kumbe, uliwekwa ili mtu akikaa pindo ligawanyike, upande mmoja uangukie kushoto mwa tandiko na mwingine kulia. Midomo ya mifuko kwenye makoti ya kupandia imelazwa mshazari ili mkono uingie bila taabu mtu akiwa ameketi. Tai ile pana nyeupe inayozungushwa shingoni na kubanwa kwa pini, wawindaji wa Uingereza hukwambia ni akiba ya bendeji, mtu au farasi akiumia porini. Hiyo siiapii. Wala siapii hadithi ya koti lao jekundu, ambalo wenyewe huliita la waridi eti kwa sababu fundi wa kwanza aliitwa Pink. Mafundi tunapenda kusifiwa, lakini risiti ya huyo bwana hajaionyesha mtu.

Suruali ndiyo ina asili isiyo na shaka. Mwaka 1897 Malkia Victoria alipotimiza miaka 60 ya utawala, Sir Pratap Singh wa Jodhpur, India, alifika Uingereza na timu yake ya polo. Suruali zao zilijaa mapajani, zikabana kuanzia goti hadi kifundo cha mguu. Waingereza wakazitamani, wakazikata upya, wakazipa jina la mji zilikotoka. Fundi yeyote wa Kihindi wa hapa Nairobi akiziona atakwambia ni binamu wa suruali ya churidar ya nyumbani kwake.

Lakini kazi iliyonivua kofia ni sketi ya kupandia ya mabibi wa karne ya 19.

Bibi wa heshima hakuruhusiwa kumtanulia farasi miguu. Alikaa ubavu, miguu yote miwili upande wa kushoto, goti la kulia limekumbatia pembe ya tandiko. Kwenye miaka ya 1830 tandiko likaongezwa pembe ya pili ya kubana paja la kushoto, na kuanzia hapo mabibi wakaweza kuruka viunzi na mitaro. Sketi ndiyo iliyobaki nyuma. Ilikuwa ya sufu nzito, imezidi urefu wa miguu, na bibi akianguka ilinasa kwenye pembe. Farasi akaendelea kukimbia naye ananing'inia kwa nguo yake mwenyewe. Watu walikufa hivyo.

Katika robo ya mwisho ya karne ile mafundi wakaanza kushindana kutengeneza sketi ya usalama. Kulikuwa na za vifungo vya kuachia vyenyewe, na za mishono ya kufumuka kwa makusudi. Mwishowe ikapatikana ambayo si sketi tena: ni kipande cha mbele tu, kama aproni, na chini yake suruali. Akiwa juu ya farasi unaona sketi kamili. Akishuka, anaizungusha nyuma na kuifunga kifungo haraka, kama mama anavyojifunga kanga mgeni akibisha hodi.

Tena kitambaa kilikatwa kwa kufuata goti lililokunjwa, kwa hiyo bibi akisimama nguo ilikaa kombo. Ilinyooka juu ya tandiko peke yake. Ndiyo maana mafundi wakubwa wa London waliweka dukani farasi wa mbao. Mteja alipandishwa, fundi akamzunguka na pini mdomoni. Mimi nina kigoda tu.

Kazi hii ilikuwa ya mafundi wa suti, yaani wanaume waliozoea sufu, si washonaji wa gauni. John Redfern, aliyeanzia na duka la vitambaa mjini Cowes, alipata jina kwa mavazi ya namna hii. Kutokana na mikono kama yake mwanamke wa mjini alipata koti na sketi ya kutembelea, ile ambayo leo makatibu na wabunge wanaivaa. Na husimuliwa kwamba Elisabeth, malkia wa Austria, alishonewa vazi lake mwilini kila alipokwenda kuwinda, ili kiuno kisionyeshe hata kunyanzi moja. Usoni, bibi wa farasini hakujipaka. Alivaa kofia ndefu nyeusi, akashusha shela nyembamba, ikamkinga na vumbi na macho ya watu pamoja.

Marekani walikwenda njia yao. Huko kwenye maonyesho ya farasi wa kichungaji, mwanamke huingia uwanjani na koti la vito vya kumetameta na rangi ya midomo inayoonekana kutoka viti vya mwisho. Mwenye lawama kubwa, au sifa, ni fundi mwenzangu Nudie Cohn. Alizaliwa Kyiv mwaka 1902, akafungua duka North Hollywood mwaka 1947, akawapambia waimbaji na waigizaji wa sinema za farasi kwa nyuzi na mawe ya kung'aa. Waamuzi wa Ulaya wangezimia.

Huko Ulaya vazi la mashindano liliendelea kuwa kitambulisho cha cheo. Mwaka 1948 Sweden ilishinda dhahabu ya Olimpiki katika dresaji, mchezo wa kumtembeza farasi kwa madaha. Mwaka uliofuata ikanyang'anywa, kwa sababu wanajeshi walioruhusiwa kushindana ni maofisa tu, na mmoja wa wapanda farasi wake, Gehnäll Persson, kumbe alikuwa sajini aliyepandishwa cheo kwa muda tu. Kufikia Helsinki, mwaka 1952, mlango ulikuwa umefunguliwa kwa wasio maofisa na kwa wanawake. Persson akaipata dhahabu yake bila kuficha cheo, na Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ilimlemaza miguu chini ya magoti, akachukua fedha akishindana na wanaume.

Ikabaki kofia ndefu. Zamani mafundi waliikausha iwe ngumu ikinge fuvu, na wawindaji waliifunga kwa kamba kwenye kola isipeperuke. Kwenye dresaji ilibaki pambo. Mwezi Machi 2010 Courtney King-Dye, aliyeiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki ya 2008, alianguka mazoezini Florida bila kofia ngumu, akakaa karibu mwezi mzima bila fahamu. Miaka miwili baadaye, London, Charlotte Dujardin wa Uingereza alishinda dhahabu akiwa na koti la mikia na kofia ngumu. Wapo walionung'unika kwamba urembo umekufa. Kwa jicho langu la ufundi, alipendeza, na koti lile lilikatwa vizuri sana mabegani. Tangu Januari 1, 2021 kofia ngumu ni lazima katika mashindano yote ya kimataifa ya dresaji.

Yule mama nilimlipa koti lake kwa awamu tatu. Mabaki yake ninayo bado, yananing'inia nyuma ya mlango. Kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu namwambia aingize mkono kwenye ule mpasuo kwanza, kabla sijampa sindano.