Kasapa: namna ya kujenga ukuta wa lupango kwenye muteremuko

Lubumbashi, mvua inaanza mwezi wa 10 ao wa 11 na kuendelea mupaka mwezi wa 4. Ni wakati huo ukuta uliojengwa vibaya unaanguka, na unaweza kuua mutu. Lupango ikiwa kwenye muteremuko, inafaa kujenga wakati wa kiangazi.

Kupima. Funga kamba kutoka juu kwenda chini, ilale sawasawa. Kama hauna nivo, tumia mupira unaoonyesha maji ndani: maji yanasimama sawa pande zote mbili. Pima urefu kwenye kamba, hapana kwenye udongo. Mufano: kiwanja kinashuka metre 1,20 kwa metre 12. Ukiweka nguzo kila metre 3, kila ngazi itashuka santimetre 30.

Musingi. Chimba kwa ngazi, ukianzia chini, mupaka udongo mugumu. Kila ngazi ilale sawasawa. Matofali yakifuata muteremuko, ukuta unateleza.

Maji. Acha matundu chini ya ukuta, na maji yaende kwenye mufereji, hapana kwa jirani wa chini. Ukuta unaozuia maji unasukumwa nayo mupaka unaanguka.

Uzio wa matete ao waya, wenyewe unaweza kufuata muteremuko bila ngazi.