Mathe Ako Kemo na Sukari Imepanda? Soma Hii Kabla Ulaumu Chai

Chukua hii picha. Mathe ameamka saa kumi asubuhi huko Kangemi, amedandia mathree ya kwanza hadi tao, akashika ingine ya Ngong Road, na saa moja ako kwa benchi pale Kenyatta akingoja kemo ya kansa ya matiti. Nesi anamdunga kidole, sukari inasoma 5.6. Fiti kabisa. Anapewa dripu, anarudi keja. Kesho yake jioni amemaliza jagi mbili za maji, ameenda choo mara saba, macho yanaona ukungu, na kila mtu kwa nyumba anasema, "Hiyo ni kemo tu, itapita."

Inaweza kuwa ni kemo. Inaweza pia kuwa ni sukari. Ile 5.6 haikudanganya mtu, ilipimwa tu saa ambayo sukari ilikuwa bado imelala. Ukishika hiyo moja pekee kwa hii stori, tayari umesaidia mtu wako.

Haya magonjwa mawili yanajuana

Kansa ya matiti ndiyo inaongoza kwa wanawake Kenya. Makadirio ya IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, yalikuwa karibu wagonjwa wapya 6,800 mwaka wa 2020. Upande wa sukari, utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2015 ulipata kwamba karibu watu 88 kwa kila 100 wa miaka 18 hadi 69 hawajawahi kupimwa sukari maishani. Maana yake ni kwamba kuna wamama wanaanza kemo wakiwa na kisukari na hawana habari.

Tafiti nyingi zikiwekwa pamoja zinaonyesha mwanamke mwenye kisukari ana uwezekano wa karibu asilimia 20 zaidi wa kupata kansa ya matiti, hasa baada ya hedhi kukoma. Hiyo haimaanishi kila mwenye sukari atapata kansa. Inamaanisha wengi wanabeba zote mbili, na faili zao ziko kliniki mbili tofauti ambazo saa zingine haziongei.

Nini inapandisha?

Mara nyingi mhusika mkuu si dawa ya kansa yenyewe. Ni steroidi zinazokuja nayo. Deksamethasoni ndiyo maarufu. Inapewa kuzuia kutapika, na pia kuzuia mwili usikatae dawa kama paklitakseli na dosetakseli. Kwa dosetakseli, kawaida mgonjwa anaanza kumeza vidonge vya deksamethasoni siku moja kabla ya dripu na kuendelea kwa siku 3.

Inafanya aje? Ini linaambiwa limwage sukari zaidi kwa damu. Misuli nayo inakataa kuskiza insulini, ile homoni inayofungulia sukari mlango iingie ndani ya seli. Sukari inabaki barabarani kama jam ya Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni.

Kuna dawa zingine pia. Alpelisibi, vidonge vya aina fulani ya kansa iliyosambaa, inajulikana sana kwa kupandisha sukari. Everolimusi pia. Tamoksifeni, ile ya kumeza miaka mitano au zaidi, imehusishwa na hatari kidogo ya kisukari kwa wamama wazee. Hakuna hata moja ya kuacha bila kuongea na daktari. Faida yake kwa kansa ni kubwa, na sukari inatibika.

Asubuhi iko poa, jioni ni moto

Steroidi ikimezwa asubuhi, sukari inaanza kupanda baada ya masaa kadhaa. Inagonga juu mchana na jioni, hasa baada ya kula. Usiku mtu akilala bila kula inashuka pole pole, na asubuhi unakuta namba safi. Kwa hivyo kipimo cha asubuhi bila kula, kile wengi wetu tunajua, kinaweza kukosa shida yote.

Kwa siku za steroidi, pima mchana kabla ya lunch au masaa mawili baada yake, na jioni kabla ya supper. Baada ya deksamethasoni kuisha, sukari kawaida hurudi chini ndani ya siku chache. Isiporudi, pengine kisukari kilikuwa kimejificha na steroidi ndiyo imekitoa mafichoni.

Hata kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa miezi mitatu, kinaweza kupotosha mtu akiwa ameishiwa damu au ameongezewa damu, na kwa kemo hiyo hutokea. Usimalizie hapo.

Namba za kushika kwa kichwa

Hapa Kenya mashine nyingi zinasoma kwa milimoli kwa lita. Ukiona namba kama 180, hiyo mashine inatumia miligramu. Gawanya kwa 18, utapata 10.

Bila kula, 7.0 au zaidi inaashiria kisukari, na inafaa kurudiwa kuthibitisha. Wakati wowote wa siku, 11.1 au zaidi pamoja na kiu na mkojo mwingi ni jambo la daktari. Ikikaa hapo juu kipimo baada ya kipimo, piga simu kliniki siku hiyo hiyo, usingoje kemo ingine.

Sasa skiza hii vizuri: mashine ikiandika HI, haikusalimii. Inamaanisha sukari imepita mahali inaweza kusoma, na kwa mashine nyingi hiyo ni juu ya 33. Hapo ni hosi, saa hiyo. Vilevile kama anatapika bila kuacha, anapumua haraka, amelegea au anaongea vitu hazieleweki, usingoje namba yoyote.

Na kabla ya kudunga, nawa mikono na ukaushe. Kidole kimetoka kumenya embe kinaweza kukupatia namba ya kukutoa jasho bure.

Kwani inadhuru nini?

Kemo inashusha seli nyeupe, askari wa mwili, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14. Sukari ikiwa juu, hata wale askari wachache waliobaki wanapigana vibaya. Kidonda cha upasuaji kinachelewa kupona. Maambukizi yanaingia rahisi. Kemo inaweza kuahirishwa. Joto la mwili likifika 38 kwa mtu wa kemo, hiyo ni dharura, iwe sukari iko juu au chini.

Ikishuka pia ni noma

Hii wengi huisahau. Mathe alikuwa na kisukari kutoka kitambo, anajidunga insulini au anameza glibenklamaidi. Baada ya kemo hawezi kula, chakula chote kinarudi. Lakini dawa ya sukari amemeza dozi ile ile. Sukari inaanguka. Utaona anatetemeka, jasho baridi, moyo unaenda mbio, hasira haina sababu, anachanganyikiwa.

Chini ya 4, na kama anaweza kumeza, mpe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Pima tena baada ya dakika 15, na urudie kama bado iko chini. Ikikaa sawa, ale kitu. Kama amezimia, usimwage kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu na utafute gari.

Stori za mtaa

"Sukari inalisha kansa, kwa hivyo akate kila kitu." Hii ilitoka mbali. Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aligundua seli za kansa zinabugia glukosi kuliko za kawaida. Ni ukweli, na ndiyo siri ya skani ya PET, kama ile iko Aga Khan Parklands: unadungwa glukosi yenye mionzi kidogo, na mahali kansa iko panawaka. Ndiyo maana pia sukari hupimwa kabla ya hiyo skani. Lakini kila seli ya mwili inatumia glukosi, na usipokula, ini linaitengeneza. Kumnyima mathe ugali hakuui kansa. Kunamwondolea nguvu ya kumaliza kemo.

"Mletee glukosi na juisi apate nguvu." Tunajua hii vizuri. Wageni wanaingia na glukosi ya unga, Lucozade, juisi ya kununua. Siku za steroidi, hiyo ni kumwagia moto petroli. Leteni ndengu, managu, mayai, samaki, matunda mazima badala ya juisi. Ugali ubaki, lakini mdogo kuliko mboga. Soda na glukosi ziwekwe kando kwa siku ya kushuka.

"Metformini inatibu kansa." Majaribio makubwa ya wagonjwa 3,649 wa kansa ya matiti wasio na kisukari, matokeo yakatoka 2022: haikuzuia kansa kurudi. Ni dawa poa ya kisukari. Usinunue kwa kemisti ya Tom Mboya kwa sababu ya video fulani.

Cha kuuliza kabla ya kemo ya kwanza

Andika kwa simu, usitegemee kichwa. Je, atapewa steroidi, siku gani na dozi gani? Sukari yake imepimwa kabla ya kuanza? Tupime saa ngapi nyumbani? Namba gani tupige simu, na simu gani? Kama ana dawa za sukari, dozi ibadilike siku za steroidi na siku hawezi kula? Halafu beba kadi ya kliniki ya sukari uende nayo kliniki ya kansa, na ya kansa uende nayo ya sukari. Kwa hosi yenye foleni kama yetu, saa zingine wewe ndiye waya unaounganisha hao madaktari wawili.

Na akisema ana kiu sana jioni ya pili, usimwambie ni kemo tu. Leta mashine, mnawishe mikono, mpime.